Mlango upi ufungwe kwanza? Jibu kwa mama prefe wa Kadutu

Swali: "Docta, mimi ni prefe, yaani mkuu wa shule, katika sekondari moja hapa Kadutu, Bukavu, mashariki ya Kongo. Tuna wanafunzi 640 katika madarasa 9, bomba moja ambalo maji yake huja yanapotaka, na uwanja wa mpira wa kuazima. Komite ya wazazi imeniomba niandike kanuni ya shule: siku ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mjini tufanye nini. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa kelele. Nusu ya wazazi wanataka tufunge siku hiyohiyo, kama mwaka 2020. Nusu nyingine wanasema hawatakubali tena, kwani kuna watoto waliotoka shuleni mwaka ule na hawakurudi. Vijana wenyewe wanauliza kitu kimoja tu: mashindano ya mpira baina ya shule yatachezwa? Halafu mimi mwenyewe nina mtoto chuo kikuu. Analala bwenini, vijana 6 chumba kimoja, na anachezea ekipe ya kitivo chake. Kila mtu ananitajia hatari. Hatari ipi? Ninaipimaje?"

Mama Prefe, nadhani wazazi wako wanagombania neno "ugonjwa" kuliko wanavyoigombania shule. Mmoja akilitamka anaona korona. Mwingine anaona kipindupindu. Wa tatu anaona vipele vya mpox kwenye mikono ya mtoto wa jirani. Kila mmoja anajibu ugonjwa wake, na ndiyo maana hamsikilizani. Kwa hiyo usiianze kanuni yako na "ugonjwa ukitokea". Ianze na swali ambalo hata mlinzi wa geti anaweza kuliuliza: huu unapita wapi?

Kipindupindu kinapita majini na mikononi. Shule yenye maji yaliyotiwa klorini, sabuni na choo kinachosafishwa ni salama kuliko nyumba nyingi za mlimani. Ukimfungia mtoto nje, unamrudisha kwenye bidoni ileile ya maji iliyomtia hatarini. Ebola inapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au ya maiti, na mtu haambukizi kabla hajaanza kuumwa. Ndiyo maana kuwafuatilia waliomgusa kwa siku 21 kunafanya kazi. Septemba 2018 watoto wa Beni, Kivu Kaskazini, walianza mwaka wa masomo katikati ya Ebola, maji ya kunawa yakiwa getini na walimu wakiwa wamefundishwa dalili. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ninausema hivyo nikijua jinsi wazazi wa kule walivyokuwa wanatetemeka.

Surua inapita hewani, na hakuna ugonjwa wa kuifikia kwa kasi: kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaribiana na mgonjwa, 9 wataipata. Kuanzia mwanzo wa 2019, ndani ya mwaka mmoja hivi, iliua katika nchi yetu watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ambayo dunia nzima iliizungumzia, iliua watu 2,287 kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kazi hii hakuna mzazi aliyenijia akidai shule ifungwe kwa sababu ya surua. Wanafunzi wako wamekua, surua haitawaangusha sana, lakini kila mmoja ana mdogo wake nyumbani. Siku ya kuandikisha, waulize wazazi chanjo za wale wadogo. Hilo litaokoa watoto wengi kuliko kufuli lolote.

Mpox tunaijua kwa macho yetu. Aina mpya ya virusi vyake ilianza kuonekana Kamituga, hapa mkoani kwetu Kivu Kusini, mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Wakati huo kule Kavumu vitanda vilikuwa vimejaa watoto. Inapita ngozi kwa ngozi, kwa kulala godoro moja, kwa nguo na shuka, na kwa watu wazima, kwa tendo la ndoa. Darasani, mwalimu anayewatazama watoto mikono na uso kila asubuhi, na kumpeleka mwenye homa na vipele kituo cha afya kabla hajakaa kwenye benchi, amefanya karibu kila kinachowezekana. Kufunga shule hakuna faida hapo, kwani mtoto anakwenda kulala na ndugu zake 4 kwenye godoro lilelile.

Inabaki korona na magonjwa ya jinsi yake: yanayopita kwa pumzi, na yanayoambukiza siku 2 hivi kabla mtu hajajisikia vibaya. Hapo wazazi wanaotaka kufunga wana hoja ya kweli. Hapo ndipo kupima kunapohitajika, na nitakaa hapo.

Chukua darasa lako la watoto 71. Tuseme mjini mtu 1 kati ya 5,000 ndiye anayeambukiza siku hiyo. Uwezekano wa kumkuta mmoja wao ndani ya darasa hilo ni 1 au 2 kwa 100. Katika shule yako nzima ya watoto 640 ni kama 12 kwa 100. Sasa tuseme ugonjwa umepanda hadi mtu 1 kati ya 200. Darasa lilelile linafika 30 kwa 100, na shule nzima inapita 95 kwa 100. Yaani karibu kila asubuhi yupo anayeingia nao getini. Shule ni ileile, kuta ni zilezile, lakini hatari imebadilika kabisa. Katika hali ya kwanza unawarudisha nyumbani watoto 640 kwa ajili ya mgonjwa ambaye huenda hayupo. Katika hali ya pili, kuwagawa watoto zamu mbili au kusimamisha baadhi ya mambo kuna maana. Mzazi anayesema "fungeni" na anayesema "msifunge" wanaweza kuwa sahihi wote, kwa wiki tofauti.

Shida ni kujua uko wiki gani. Juni 2020 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alijiuzulu kwenye kamati ya mkoa wetu ya kupambana na korona, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba majibu ya vipimo yalikuwa yanachukua zaidi ya wiki 2 kurudi kutoka Kinshasa. Majibu ya zamani kiasi hicho hayakusaidii kuamua kitu. Lakini wewe una chombo ambacho maabara haina: rejista ya mahudhurio. Weka mtu mmoja aandike kila siku ni wanafunzi wangapi hawakuja na walimu wangapi wamelala. Baada ya miezi 2 utajua kawaida yenu. Siku wakosao wakiongezeka mara mbili, na muuguzi wa kituo cha afya cha jirani akikuambia wazee wanaokuja na kifua ni wengi kuliko mwezi uliopita, na mmeshahudhuria misiba 3 kwenye avenyu moja, usisubiri redio.

Nirudi kwenye 2020, maana hapo ndipo kidonda cha wazazi wako kilipo.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 19 shule na vyuo vya nchi nzima vikafungwa, na sisi tukiwemo, kilomita 1,500 hivi kutoka Kinshasa. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti ili wafanye mitihani, wengine wakasubiri hadi mwaka mpya wa masomo, tarehe 12 Oktoba. Tarehe 18 Desemba tukafunga tena, hadi 22 Februari 2021. Mimi silaumu kufungwa kwa Machi. Hakuna aliyejua ugonjwa ule ungewafanya nini watoto, na wiki chache za kujipanga zilistahili gharama yake. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hatukujipanga. Miezi ilipita, tukafungua madarasa yaleyale, yenye hewa ileile na bomba lilelile kavu.

Nikuonyeshe nilichokiona. Ilikuwa asubuhi ya mvua, Oktoba ile, kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Walikuwa wametumia akiba yao yote kununua vipima joto viwili, vile vya kuelekeza kwenye paji la uso. Nilisimama getini nusu saa. Watoto walikuwa wanapanda kutoka chini wamelowa, na mlinzi anasoma kwa sauti: 33, 34, 32 na nusu. Mtu ambaye joto la mwili wake ni 32 kweli anakuwa hospitalini, hali yake mbaya. Kipima joto kilikuwa kinapima mvua iliyo usoni mwao. Hakuna hata mtoto mmoja aliyerudishwa, na ugonjwa ungeweza kupita pale mchana kweupe. Kisha nikaingia darasa la kwanza. Mvua ilikuwa inapiga kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa yote, na watoto zaidi ya 80 walikuwa wanarudia somo kwa sauti moja. Mwalimu alijaribu kuandika tarehe. Chaki haikushika. Ubao ulikuwa umelowa pumzi zao.

Nimekuwa nikifikiria ubao ule kwa miaka. Kwa bei ya vipima joto vile, fundi angetoboa mstari wa matofali ya matundu, klostra tunavyoziita, chini ya dari pande zote mbili za darasa, na hewa ingepita mvua ikinyesha au isinyeshe.

Hata wenye mali walikosea hapo hapo. Mei 2020 Israeli ilifungua shule zake. Sekondari moja ya Yerusalemu ilikuwa na kanuni zote zilizoandikwa vizuri. Siku chache baadaye likaja joto kali, serikali ikaruhusu wanafunzi wavue barakoa, na madarasa ya watoto 35 hadi 38 yakawasha viyoyozi madirisha yakiwa yamefungwa. Wanafunzi 153 na wafanyakazi 25 waliambukizwa. Kwao ilikuwa jua, kwetu ni mvua, na dirisha lililofungwa ni lilelile. Denmark ilikuwa imetangulia, tarehe 15 Aprili, ikaanza na watoto wadogo, kwa vikundi vidogo, masomo mengi nje uani, na mambo yakaenda vizuri. Wewe huna uwanja wako, lakini ua wa shule unao. Darasa moja kati ya 9 likisomea nje kila saa kwa zamu, siku isiyo na mvua, umepunguza pumzi za ndani bila faranga.

Swali la pili la kupima ni nani anaumia. Kwa korona, mtoto mwenyewe mara chache sana aliumia vibaya. Aliyeumia ni koko aliyelala chumba kimoja na mjukuu wake. Na yupo mwingine ambaye wazazi humsahau: mwalimu mzee. Wewe unawajua wako, wale waliopita umri wa kustaafu na bado wanashika chaki kwa sababu pensheni haiji. Mwalimu wa miaka 67 mwenye kisukari anayefundisha watoto 71 saa 6 kwa siku yuko katika hatari kubwa kuliko mtu yeyote ndani ya shule yako, na kikaoni hatainua mkono kusema, kwa kuogopa kupoteza kazi. Mwandike kwenye kanuni kwa wadhifa, asitajwe jina: mwalimu mwenye umri mkubwa au ugonjwa wa kudumu afundishe nje au karibu na dirisha, apewe barakoa nzuri, apewe nafasi ya kwanza chanjo ikija, na akibaki nyumbani kwa ushauri wa daktari asikatwe malipo. Mkishindwa hayo yote kwa sababu ya fedha, angalau hili la mwisho msishindwe.

Upande wa pili wa mizani ni kile mtoto anachopoteza, na hapo wazazi waliokataa kufunga tena wana ushahidi mzito. Sierra Leone walifunga shule kwa Ebola kuanzia katikati ya 2014 hadi Aprili 2015. Zilipofunguliwa, wasichana wengi walikuwa na mimba, na serikali ikawakataza kukaa darasani. Katazo hilo liliondolewa Machi 2020. Jirani zetu wa Uganda walifunga Machi 2020 na hawakufungua kikamilifu hadi 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hapa kwetu Radio Okapi ilirusha masomo, na ninawashukuru, lakini redio inahitaji betri na mtoto anahitaji mtu wa kumwambia akae asikilize. Msichana wa Kadutu asiye darasani hafungiwi ndani. Yuko sokoni na mama yake, au anapandisha bidoni ya maji mlimani, au yuko njia ya Ruzizi, mpakani na Rwanda, akibeba mzigo wa mtu. Kijana yuko njiani kwenda Mwenga kuchimba dhahabu. Anakutana na watu wengi kuliko ambao angekutana nao kwenye benchi lake, na mwisho wa mwezi ana hela mfukoni na hana hamu tena ya egzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Kwa hiyo wewe na wazazi mkipima, msilinganishe "shule yenye hatari" na "nyumbani pasipo hatari". Linganisheni darasa lenu na soko la Kadutu.

Nakuomba pia useme wazi kikaoni jambo moja gumu. Shule ikifungwa, wazazi hawaleti ada, na walimu wako hawali. Mwaka 2020 walimu wa shule za binafsi walishinda miezi bila kitu. Huo ni uzito halali, lakini uwekwe mezani, kila mtu auone. Wazazi wakiuona wenyewe bila kuambiwa, hawataamini neno lingine lolote utakalosema juu ya hewa na madirisha.

Hilo linanileta kwenye mpira, kwa sababu mpira ndiko fedha ilikovuruga kupima kuliko mahali pengine popote. Marekani mpira wao wa vyuo vikuu, ule wa Kimarekani wa kubeba mkononi, ni biashara kubwa ya televisheni. Tarehe 11 Agosti 2020 ligi mbili kubwa za vyuo, Big Ten na Pac-12, ziliahirisha msimu kwa hofu ya korona. Tarehe 16 Septemba Big Ten ikageuza uamuzi: tutacheza, na wachezaji watapimwa kila siku. Wanafunzi wenzao wa kawaida hawakuwa na kipimo cha kila siku, na wengi walikuwa wanasoma kwa kompyuta. Wachezaji wenyewe hawakuwa wanalipwa mshahara. Nikisoma habari hiyo naumia kwa ajili ya wale vijana, maana waliokuwa na sauti kubwa kwenye uamuzi hawakuwa wao waliokuwa wakikabana uwanjani. Juu kabisa ya kanuni yako andika maswali mawili: anayeamua anapata nini? Anayeumia ni nani?

Lakini vijana wako nisiwanyime jibu. Mpira wenyewe, Mama, uchezwe. Dakika 90 kwenye uwanja wazi, upepo wa ziwa ukipita, ni miongoni mwa mambo salama zaidi ambayo vijana 22 wanaweza kufanya pamoja ugonjwa wa pumzi ukiwa mjini. Hatari iko pembeni mwa mpira. Iko kwenye teksi-basi kutoka Kadutu hadi Bagira, vijana 18 wamebanana kwenye viti vya watu 14, wanaimba kwa nguvu zote, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Iko kwenye kichumba cha kubadilishia nguo kisicho na dirisha. Iko kwenye chupa moja ya maji inayozunguka midomo 15 wakati wa mapumziko. Niliwahi kumwona kocha akiifuta kwa jezi yake kabla ya kumpa anayefuata, kwa nia njema kabisa. Iko kwenye jezi zenyewe: ekipe ya wadogo inazivua zikiwa zimelowa jasho, ya wakubwa inazivaa palepale. Kwa korona jezi hainisumbui sana. Kwa mpox, jezi hiyo na taulo linalopita mkono kwa mkono ndiyo mechi yote. Na iko kwa watazamaji waliosongamana, kisha kwenye sherehe ya jioni ndani ya nyumba ya mshindi.

Kwa hiyo waende kwa miguu palipo karibu, na penye umbali gari liende mara mbili madirisha wazi. Wavae jezi kutoka nyumbani. Kila mmoja na chupa yake imeandikwa jina. Mambo yakizidi, mechi ichezwe bila watazamaji kabla hujafikiria kuifuta. Hilo vijana watalilia, lakini watacheza.

Jambo moja zaidi kuhusu wachezaji, nalo makocha wetu hawalipendi. Big Ten waliwapiga picha za moyo wachezaji 1,597 waliokuwa wameambukizwa korona. Walikuta 37 wenye uvimbe kwenye misuli ya moyo, na wengi wao hawakuwa na dalili zozote za moyo. Ni wachache, na sisi hatuna mashine hizo kwa wachezaji wa shule, lakini tuna akili ya kusubiri. Kijana aliyekuwa na homa na kifua asikimbie siku 10 tangu dalili zianze, na homa iwe imekwisha kabisa. Kisha atembee, akimbie polepole, afanye mazoezi mepesi, na mechi ije baada ya wiki nyingine. Akisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, au akizimia, aende kwa daktari siku hiyohiyo hata kama ni fainali kesho. Kocha asiwe ndiye anayeamua hilo peke yake.

Sasa mwanao. Chuo kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilifungua tarehe 10 Agosti 2020. Wiki moja baadaye kilitangaza kurudisha masomo kwenye kompyuta, wanafunzi zaidi ya 100 wakiwa wameambukizwa. Makundi ya wagonjwa yaliyotangazwa yalitokea mabwenini na kwenye nyumba ya chama cha wanafunzi. Hata hapa, ukumbi wa mihadhara uliojaa unanitisha, lakini saa 8 za usingizi, vijana 6 chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa kuogopa wezi na mbu, zinanitisha zaidi. Mwambie walale kichwa kwa miguu, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Wapige wavu kwenye dirisha ili libaki wazi usiku. Wakubaliane mapema, wakiwa wazima, ni kona ipi ya bweni itakuwa ya mgonjwa na nani atampelekea chakula.

Na akikuambia chuo kimefunga mabweni ugonjwa ukiwa umeshaingia, tafadhali usimwambie apande meli usiku huohuo kwenda kwa shangazi Goma. Kuwatawanya wanafunzi wakati huo ni kuupakia ugonjwa melini na kuupeleka kwa wazee wa miji mingine. Kama yuko mzima na una chumba, aje kwako Kadutu, alale peke yake karibu na dirisha wiki 2, ale chakula chake nje, na koko wake asimkumbatie kwanza. Najua hilo la mwisho ni gumu.

Mpangilio wa kanuni yako, basi, mimi ningeuandika hivi. Ugonjwa wa pumzi ukithibitishwa mjini, kwanza tunaacha mikusanyiko isiyo ya masomo: sherehe, watazamaji, mkutano wa wazazi ndani ya ukumbi. Ukizidi, tunaacha safari za michezo na kuimba pamoja ndani. Ukizidi tena, zamu mbili, asubuhi na mchana, nusu ya darasa kila zamu. Kufunga madarasa ni hatua ya mwisho kabisa, na hata hapo madarasa ya egzetat yabaki, yasomee nje. Kila hatua iandikwe na tarehe ya kuipima upya, isizidi siku 14, na mpimaji asiwe prefe peke yake: awepo muuguzi wa kituo cha afya, mzazi mmoja wa kike, mwalimu mmoja mzee na mwanafunzi mmoja. Serikali ikiamuru kufunga, mtatii. Lakini siku ya kwanza ya kufungwa, fundi wa klostra aingie, na mwalimu mmoja apewe orodha ya wasichana wa kila darasa, awatembelee nyumbani kila wiki na karatasi za masomo mpaka shule ifunguliwe.

Kikao kijacho usikifanyie ofisini kwako. Wakusanye wazazi ndani ya darasa, 71 kama walivyo watoto, funga madirisha, waache wakae dakika 20. Kisha fungua upande mmoja, halafu na wa pili. Ndipo usome kanuni.